Ncha ya Umeme na Ramani ya Shina la Ubongo

Mwaka 1857 yalitukia mambo mawili mbalimbali ambayo kwa kawaida hayaandikwi katika ukurasa mmoja. Katika mwaka huo Burton na Speke walipita na msafara wao katika nchi ya Usagara, wakavuka mbuga ya Makata, wakaandika majina ya mito na vilima kwa kadiri walivyoyasikia kwa viongozi na wapagazi wao. Mwaka huohuo, mjini Berlin, Profesa Emil du Bois-Reymond alipokea kambare walio hai kutoka Calabar, katika pwani ya Afrika ya Magharibi, samaki ambao mwili wao hutoa umeme wa kutosha kuutia ganzi mkono wa mtu mzima. Wale wa kwanza walikuwa wakichora ramani ya nchi. Huyu wa pili alikuwa akitaka kujua kama nguvu ipitayo katika mishipa ya fahamu ya viumbe ni umeme au si umeme. Insha hii inahusu ramani nyingine, iliyopatikana kwa kazi za watu wa namna ya huyu wa pili: ramani ya shina la ubongo, ambayo siku hizi daktari mpasuaji aweza kuichora upya ndani ya kichwa cha mgonjwa wake kwa ncha ya umeme, kabla hajathubutu kukata.

Nimeitaja Usagara kwa kusudi. Tuseme kuna mtu wa Masanze, katika Wilaya ya Kilosa, ambaye jicho lake moja limeanza kwenda upande, shavu limelegea, na maji anywayo humpalia. Mtu huyu ataanza kwa zahanati, kisha hospitali ya Kilosa au ya Mikumi, kisha Morogoro, na mwisho Dar es Salaam, mwendo wa yapata kilometa 300. Katika wilaya hiyohiyo ya Kilosa mna kata iitwayo Ulaya, hata mwenyeji wa huko aweza kusema pasipo uongo kwamba amekwenda Ulaya na kurudi siku moja. Lakini elimu itakayomngoja mgonjwa wetu mwishoni mwa safari yake ilitoka katika Ulaya ile nyingine, na Marekani, na sehemu yake, kama tutakavyoona, katika maji ya Afrika. Yafaa basi tuulize ilipatikanaje, ililipiwa na nani, na yeye mwenyewe ataelezwa kwa maneno gani kabla ya kulazwa juu ya meza ya upasuaji.

Shina la ubongo ni ile sehemu ya chini inayouunganisha ubongo mkubwa na uti wa mgongo. Unene wake ni kama wa kidole gumba, na urefu wake haupiti sana upana wa kiganja. Katika nafasi ndogo hiyo hupita amri zote zishukazo kwenda mikononi na miguuni, na habari zote zipandazo kutoka huko. Humo pia vimo viini vya mishipa ya fahamu inayogeuza macho, inayokunja uso, inayosogeza ulimi na inayofunga na kufungua koo. Na humo yamo mamlaka ya pumzi na ya mapigo ya moyo. Mpasuaji akiingia kwa nyuma hukutana na chumba cha nne cha ubongo, na sakafu ya chumba hicho ndiyo mgongo wa shina lenyewe. Juu ya sakafu hiyo mna alama chache tu za kumwongoza, na iliyo mashuhuri ni kituta kidogo ambacho twaweza kukiita kilima cha uso, kwa kuwa chini yake hupita nyuzi za mshipa uendeshao uso. Mtu mzima wa afya alama hizo anazo mahali pake. Lakini uvimbe unapoota ndani ya shina, kituta hutandazwa au husukumwa kando, na ramani ya kitabuni hugeuka kuwa ramani ya nchi ambayo mto wake umehama.

Habari ya umeme na kichwa cha binadamu ni ya kale kuliko mashine zote. Scribonius Largus, tabibu wa Kirumi aliyeandika yapata mwaka 47 baada ya kuzaliwa Isa, aliagiza kwamba mwenye maumivu ya kichwa awekewe taa wa umeme aliye hai mahali paumapo, mpaka pafe ganzi. Wamisri walikwisha kumchora kambare wa Mto Nile, mwenye umeme kama huo, katika makaburi yao karne nyingi kabla ya Mrumi huyo, na Waarabu wamemwita raada, neno lililo ndugu wa radi yetu. Jamaa zake wako hata katika Ziwa Tanganyika, ambako wana aina yao ya pekee. Hakuna katika hao waliomtumia aliyejua kwamba kitu kile kinachorusha mkono wa mvuvi ndicho kitu kilekile, kwa namna ndogo sana, kinachobeba amri kutoka kichwani kwenda kidoleni.

Aliyeonyesha kwa mara ya kwanza, pamoja na mwenzake, kwamba ubongo wenyewe hujibu ukiguswa kwa umeme alikuwa Mjerumani Gustav Fritsch. Mtu huyu astahili kuangaliwa na msomaji wa Kiafrika kuliko anavyoangaliwa. Mwaka 1870 yeye na Eduard Hitzig walifungua fuvu la mbwa, wakagusa sehemu ya mbele ya ubongo kwa nyaya mbili nyembamba, na mguu wa mbwa upande wa pili ukajikunja. Kipimo chao cha nguvu ya umeme kilikuwa ulimi: walitumia umeme ule tu ambao ukiwekwa kwenye ncha ya ulimi wa mtu hufahamika kwa shida. Husimuliwa kwamba kazi hiyo ilifanywa nyumbani kwa Hitzig, juu ya meza ya kujipambia ya mkewe, kwa sababu chuo kikuu hakikuwa na nafasi kwa ajili yao. Hilo laweza kuwa kweli. Bali simulizi nyingine, iliyonakiliwa katika vitabu vingi, yasema kwamba Fritsch aliligundua jambo hilo katika vita vya Prussia na Denmark vya mwaka 1864, alipokuwa akimfunga askari jeraha la kichwa akaona viungo vya upande wa pili vinaruka. Simulizi hiyo haikubaliki kwa urahisi, maana toka 1863 mpaka 1866 Fritsch alikuwa Afrika Kusini.

Alikuwa huko akifanya nini? Alikuwa akipiga picha watu na kupima miili yao, na mwaka 1872, miaka miwili tu baada ya kumgusa mbwa wa Berlin, alitoa kitabu kikubwa juu ya wenyeji wa Afrika Kusini, chenye picha zao za uso na za ubavu, zimepangwa kwa makabila kama vielelezo vya makumbusho. Baadaye alikwenda Misri kuwachunguza samaki wa umeme, akaandika juu yao vitabu viwili, cha 1887 kuhusu kambare na cha 1890 kuhusu taa. Hivyo mtu mmoja alibeba pamoja kazi tatu: kupima watu wa Afrika kwa nje, kupima samaki wa Afrika kwa ndani, na kuuliza ubongo kwa umeme. Sisemi kwamba ugunduzi wa 1870 unakuwa uongo kwa sababu ya picha zile. Nasema kwamba jicho lililotazama lilikuwa moja, na kwamba jicho lile lilizoea kukiona kinachotazamwa kama kitu kisichoulizwa ridhaa yake.

Huko Uingereza David Ferrier aliendeleza kazi hiyo kuanzia 1873, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Wakefield, kisha London, akitumia nyani na wanyama wengine. Alichora ramani zilizo na nambari juu ya ubongo wa nyani, akathubutu hata kuzihamishia juu ya picha ya ubongo wa binadamu. Mwaka 1881 alishtakiwa mahakamani kwa sheria ya kuwalinda wanyama, akaachiliwa. Sheria, basi, ilikuwako kwa ajili ya nyani.

Kwa ajili ya Mary Rafferty haikuwako. Huyu alikuwa mwanamke wa umri wa miaka 30, mzaliwa wa Ireland, mtumishi wa nyumbani, ambaye mwaka 1874 alilazwa katika Hospitali ya Good Samaritan mjini Cincinnati, Marekani. Alikuwa na kidonda cha saratani kilichokuwa kimekula ngozi ya kichwa na mfupa wa fuvu, hata ubongo ukaonekana ukipwita. Daktari Roberts Bartholow aliona hapo mlango uliofunguka wenyewe. Akaingiza sindano ndani ya ubongo, akapitisha umeme. Mkono na mguu wa upande wa pili ukaruka, kama wa mbwa wa Berlin. Laiti angaliishia hapo. Lakini akaongeza nguvu ili apate jibu lililo wazi zaidi. Mgonjwa akaonyesha dhiki kubwa, akaingia katika degedege, akapoteza fahamu. Baada ya siku chache alikufa. Bartholow aliyachapisha yote hayo mwenyewe katika jarida la tiba la mwaka huohuo, na waganga wa nchi yake na wa Uingereza walipomlaumu alijitetea kwamba mgonjwa alikuwa karibu ya kufa na kwamba aliridhia. Miaka michache baadaye alipewa uprofesa katika mji wa Philadelphia.

Neno hilo la ridhaa ndilo linalonishughulisha. Bartholow mwenyewe alikuwa amemwandika Rafferty kuwa ni mtu wa akili dhaifu. Basi ridhaa yake ilikuwa ridhaa ya nini? Aliambiwa nini, na kwa maneno gani? Habari iliyopatikana kwa mwili wake, kwamba ubongo wa mwanadamu hujibu umeme na kwamba wenyewe haulii ukiguswa, imo katika msingi wa kila kilichofuata.

Yaliyofuata nitayapita upesi, kwa kuwa yamesimuliwa mara nyingi. Mwaka 1898 Fedor Krause, mpasuaji wa Ujerumani, alipokuwa akikata mshipa wa kusikia wa mgonjwa mmoja, aligusa kwa umeme mshipa wa uso ulio jirani yake, akaona uso ukikunjamana, akajua upi asiukate. Huo ndio babu wa upasuaji tunaouzungumza. Mwaka 1909 Harvey Cushing aligusa ubongo wa watu waliokuwa macho, nao wakamwambia walichohisi. Katika mji wa Montreal, Kanada, Wilder Penfield aliifanya njia hiyo kuwa kazi ya maisha: aliwapasua wenye kifafa kwa dawa ya ganzi tu, akazungumza nao huku akigusa ubongo mahali baada ya mahali, na mwaka 1937 yeye na Edwin Boldrey walitoa ramani iliyokusanywa kwa wagonjwa zaidi ya 100. Tofauti yake na Cincinnati ni kubwa. Mgonjwa wa Montreal alikuwa mshiriki wa kazi. Asiposema, ramani haikuwako.

Kifafa hakikuhitaji kuletwa kwetu na vitabu. Katika mkoa uleule wa Morogoro, kusini ya Kilosa, huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alikuta toka 1959 na miaka iliyofuata wagonjwa wengi mno wa kifafa miongoni mwa Wapogoro, wengine wamejaa makovu ya moto kwa kuangukia mekoni, wengine wametengwa kwa hofu kwamba mate yao huambukiza. Alianzisha zahanati ya kuwatibu. Aliona pia watoto ambao kabla ya kuanguka kifafa huinamisha kichwa tena na tena, na wenyeji walikuwa na maneno yao kwa jambo hilo: mtoto amesinzia kichwa. Wataalamu wa dunia waliligeukia jambo hilo kwa jina la Kiingereza miaka mingi baadaye, lilipoonekana pia Uganda na Sudani Kusini. Nalileta hapa si kwa sababu umeme wa mpasuaji ungewaponya watoto wale, bali kwa sababu waonyesha kwamba watu wa mashamba walikwisha kuutazama ugonjwa wa ubongo kwa makini, wakaupa jina lililo sahihi kuliko mengi ya kliniki.

Shina la ubongo lilikaa nje ya ramani muda mrefu. Kwa miaka mingi wapasuaji walilihesabu kuwa mahali pasipoingiliwa, na mtoto mwenye uvimbe humo alipewa mionzi na kuombewa. Katika miaka ya 1980, baada ya picha za sumaku kuanza kuonyesha mpaka wa uvimbe, Fred Epstein wa New York alionyesha kwamba baadhi ya vivimbe hivyo vyaweza kutolewa. Ndipo swali likawa si tena kama mtu aingie, bali aingilie wapi. Mwaka 1993 Christian Strauss na wenzake wa Ujerumani walieleza namna ya kukitafuta kilima cha uso kwa umeme, na mwaka 1995 Nobuhito Morota, Vedran Deletis na Epstein, pamoja na wenzao, walieleza namna ya kuvitafuta viini vya uso, vya koo na vya ulimi juu ya sakafu yote ya chumba cha nne.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mgonjwa amelala kwa dawa ya usingizi, lakini hapewi dawa ya kulegeza misuli kwa muda mrefu, maana misuli ndiyo itakayojibu badala ya kinywa chake. Sindano nyembamba huwekwa katika misuli ya jicho na ya mdomo, katika ulimi, na katika koo. Mpasuaji akiisha kuifunua sakafu, huigusa kwa kijiti chenye ncha, kinachotoa mapigo mafupi mno ya umeme, kila moja chini ya sehemu 1 kwa 1000 ya sekunde. Huanza na nguvu isiyozidi sana miliampea 2, na pakijibu huipunguza hatua kwa hatua. Mahali panapojibu kwa nguvu ndogo kuliko pote ndipo palipo karibu zaidi na kiini au nyuzi zake. Pasipojibu chochote, hapo ndipo aweza kufikiria kukata. Morota na wenzake walionyesha kwamba uvimbe haukisukumi kiini ovyo: ule wa sehemu ya juu ya shina huvizungusha viini vya uso pembezoni mwake, ule wa sehemu ya chini huvibana viini vya koo na ulimi kwenda mbele, na ule uotao juu ya uti wa shingo huvipandisha.

Msomaji aweza kudhani kwamba yote hayo ni ya mashine ghali, na kwamba hayatuhusu. Mashine ni ghali kweli. Lakini kabla ya kioo cha kuonyesha mawimbi ya misuli, chombo cha kupokea jibu kilikuwa jicho au mkono wa mtu: Krause aliutazama uso, na baada yake wasaidizi wengi walikaa chini ya shuka za upasuaji, kiganja juu ya shavu la mgonjwa, wakisema kila mara shavu liliporuka. Nadharia yote imo katika kiganja hicho. Kilichoongezwa baadaye ni uhakika, na uwezo wa kusikia misuli ya koo ambayo hakuna mkono unaoweza kuishika.

Afrika ya Mashariki upasuaji wa ubongo ulianza kushika mizizi katika miaka ya 1960: Nairobi alikuja Mwitalia Renato Ruberti mwaka 1967, Ian Bailey akaanzisha kazi hiyo Mulago, Kampala, mwaka 1969, na mwishoni mwa miaka hiyohiyo Mjerumani Reulen alifanya upasuaji wa namna hiyo Muhimbili, Dar es Salaam. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambamo kazi hiyo imekaa, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Sehemu kubwa ya kazi ya madaktari wake ni watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi, na watu waliopasuka vichwa barabarani. Anayeijua barabara ipitayo katikati ya mbuga ya Mikumi hatashangaa. Huko Haydom, mwaka 2006, Mmarekani Dilan Ellegala alimfundisha Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi asiyekuwa na shahada ya udaktari, kufungua fuvu na kutoa damu iliyoganda, na yajulikana kwamba msumeno wa waya alioutumia Ellegala huko aliununua kwa mwanakijiji aliyekuwa akikatia matawi ya mti. Wengine hucheka wasikiapo hivyo. Mimi naona kwamba msumeno ule na kiganja kile juu ya shavu ni vya ukoo mmoja, na kwamba elimu ikiisha kueleweka hupata vyombo vyake.

Kilicho kigumu zaidi ni maneno. Mgonjwa wa Masanze ataweka sahihi au dole gumba chini ya karatasi, na thamani ya alama ile hutegemea alichoambiwa. Akiambiwa tu kwamba atapasuliwa kichwa, hali yake haiko mbali na ya Mary Rafferty, hata kama daktari ni mwema na nia ni njema. Lugha ya kumweleza tunayo. Shina analijua kwa mti, kiini kwa yai, kilima kwa kilima, na ramani si neno geni. Aweza kuambiwa kwamba atakapokuwa usingizini uso wake na ulimi wake vitaulizwa kwa umeme mdogo, na vitajibu pasipo yeye kujua. Kwamba pasipojibu ndipo patakapokatwa. Na kwamba jibu peke yake halitoshi kuwa ushahidi kamili, maana huenda ncha ya umeme imefikia nyuzi na haikufikia kiini chenyewe. Aweza kuambiwa pia kwamba pengine moyo wake utapunguza mwendo wakati wa kuguswa, na kwamba hapo mpasuaji atasimama kwanza.

Na aambiwe habari ya kumeza. Ncha ya umeme huonyesha misuli ya koo inapoanzia kuamriwa, lakini kumeza si msuli mmoja; ni mpango wa misuli mingi inayofuatana, na unaanza kwa habari itokayo kooni kwenda juu, ambayo kijiti cha mpasuaji hakiioni. Kwa hiyo yaweza kutokea kwamba viini vyote vya koo vimejibu vizuri mpaka mwisho wa kazi, na mgonjwa akiamka asiweze kunywa. Ndiyo sababu siku za kwanza, kabla ya kupewa uji, huketishwa kitako, hupewa kijiko kimoja cha maji, na muuguzi huweka vidole juu ya koo lake kuona kama linapanda.